Giaboksi Haioni Mlima

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho huanzia kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ikapanda hadi zaidi ya mita 2,400, kisha ikateremka mpaka Awasi, Ahero na ufuo wa ziwa, ambako ni mita 1,130 hivi tu. Sijaona mwalimu wa gia anayeishinda. Wengi wetu tulipata leseni kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, tukaonyesha mzunguko, makutano na mahali pa kuegesha. Ubao ule umelala chali. Hauna mteremko wa Sachangwan.

Siku hizi mwanafunzi anaweza kuchukua leseni ya B1, ya magari madogo ya otomatiki, au B2, ambayo ni ya manyuali. Na kwa kuwa magari mengi tunayoletewa kutoka Japani, yenye umri usiozidi miaka 8, ni otomatiki, barabarani kuna watu wa aina mbili wanaobadilishana magari kila kukicha: aliyekulia kwenye klachi akakabidhiwa Fielder ya otomatiki, na aliyezoea otomatiki akakabidhiwa pikapu ya kazi. Kila mmoja hubeba mazoea yake ya kwanza mpaka kwenye gari la pili, na mazoea hayo ndiyo yanayomaliza breki, kuunguza klachi na kuvunja lango la jirani.

Ubishi wa vijiweni kuhusu lipi ni gari la kweli tuuache huko huko. Kinachotofautisha magari haya ni nani anachagua gia, na lini. Giaboksi ya otomatiki hupima mwendo wa gari, jinsi ulivyokanyaga mafuta na mzigo ulio kwenye injini, kisha huamua. Yote hayo ni mambo yaliyokwisha kutokea. Haioni kona iliyo mbele, haioni trekta la miwa lililojificha nyuma ya mpando, wala haijui kwamba baada ya kilele hiki kuna kilomita kadhaa za kuteremka. Zipo za kisasa zinazohisi mteremko na kushusha gia zenyewe, lakini nyingi ya hizo hungoja gari liinamishe pua kwanza. Dereva wa manyuali huchagua gia kwa macho. Dereva mzuri wa otomatiki ni yule ambaye hakuacha kufanya hivyo.

Tuanze na mteremko, kwa sababu hapo makosa hulipwa kwa damu. Kipande cha Mau Summit, Migaa, Sachangwan hadi Salgaa kimejulikana kwa miaka mingi kwa malori yaliyokosa breki yakirudi upande wa Nakuru. Sababu moja inajulikana na kila turnboi: kuachia gari fri. Dereva anaweka gia nyutro, lori linajitelemkia, naye anadhani ameokoa dizeli. Ubaya ni kwamba lori lenye mzigo likishachanganya mwendo likiwa fri, gia haiingii tena. Meno ya ndani ya giaboksi yanazunguka kwa kasi tofauti mno na injini, unasukuma kijiti kinakurudishia mkono kwa mngurumo. Umebaki na breki za magurudumu peke yake, na hizo hazikuundwa kushikilia tani 30 kutoka juu mpaka chini. Breki ya moshi, ile dereva anayoiwasha kwa swichi kubana njia ya kutolea moshi, nayo haifanyi kazi kama injini haijaunganishwa na magurudumu.

Wenye magari madogo husema hayo ni ya malori. Si kweli. Chukua gari la kilo 1,400, abiria na mizigo ndani yake, lishushe mita 1,200 kutoka Mau Summit hadi ziwani. Nguvu inayotoka hapo, ikigeuka joto, inakaribia ile ya kuchoma nusu lita nzima ya petroli. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Iliyobaki utagawa wewe kati ya injini na breki. Ukiweka nyutro umekataa msaada wa injini, na vyote vinaenda kwenye diski mbili za mbele na dramu za nyuma.

Na petroli haiokolewi. Hesabu ya fri ilikuwa na maana kidogo enzi za kabureta. Kwenye injini ya injekta, ukiwa ndani ya gia ukaondoa mguu kwenye mafuta huku resi ziko juu ya 1,500 hivi, kompyuta hufunga injekta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na petroli inayoingia ni sifuri. Ukiweka nyutro, injini inapaswa kujitegemea isizime, kwa hiyo inaanza kunywa. Anayeshuka fri analipa zaidi kuliko anayeshuka na gia ya tatu huku injini ikipiga kelele. Hili wengi hulikataa mpaka waone kipimo cha matumizi ya papo kwa papo kwenye dashibodi: ndani ya gia kinaonyesha hakuna kinachotumika, ukiweka N kinarudi.

Kanuni ya kushuka ni ya wazee na bado haijapata mpinzani: shuka na gia ambayo ungehitaji kupandia mahali hapo hapo, na uiingize kabla ya kupita kilele. Kwa manyuali ya 1,300 au 1,500 cc hiyo huwa gia ya tatu kwa mwendo wa 50 hadi 60, resi zikicheza karibu na 3,000. Ukiona gari linaongeza mwendo huku mguu uko nje ya mafuta, breki mara moja kwa uthabiti mpaka mwendo upungue, ndipo ushushe gia moja zaidi. Usiruke kutoka ya tano hadi ya pili ukiwa kwenye 90. Manyuali haina mlinzi, itakubali, na injini itapelekwa kwenye resi ambazo hazikukusudiwa.

Kwenye otomatiki, kijiti kina herufi ambazo wenye magari wengi hawajawahi kuzigusa tangu siku walipopokea gari bandarini. Giaboksi ya zamani ya gia nne, kama ya Probox za mwanzo, ina kitufe cha overdraivu kando ya kijiti: ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka na gia ya nne inafungwa. Kama hiyo haitoshi, kuna 2, na ya mwisho kabisa ni L. Zenye mkanda wa chuma, zile tunazoziita CVT, aghalabu zina S au B chini ya D, au kitufe cha S kwenye kijiti. Herufi B kwenye haibridi kama Aqua haina maana ya betri, ingawa huo ndio uvumi ulioenea. Ni ya kuongeza breki ya injini. Vuta kijiti hadi S ukiwa kwenye 60 au 70, resi zitapanda ghafla hadi 3,000 au zaidi, na gari litashikwa kama limekamatwa mkia. Kelele hiyo ndiyo inayowatisha watu wakarudisha D. Mstari mwekundu wa injini hizo uko karibu na 6,000. Elfu tatu bila tone la petroli ndani yake haiumizi kitu.

Mguu wa breki nao una adabu yake. Usiuache umelala juu ya pedali kutoka juu mpaka chini. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha, mwendo ushuke kutoka 70 hadi 55, kisha achia kabisa diski zipate hewa, mpaka mwendo uchanganye tena. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu wa hewa, na hunyonya, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu hubanwa: unakanyaga, pedali inazama sakafuni, gari haliitiki. Ndiyo maana oili hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama breki zinaonekana nzima. Harufu kama ya plastiki inayoungua ni onyo la kwanza, pedali kuwa laini ni la pili. Ukipata la pili, pampu pedali upesi upesi, shusha gia moja moja, vuta handibreki kidogo kidogo ukiwa umebonyeza kitufe chake ili isijifunge, na tafuta mahali barabara inapopanda. Ukifanikiwa kusimama, usimwagie magurudumu maji. Diski yenye joto ikimwagiwa maji baridi inapinda, na kuanzia hapo usukani utatetemeka kila ukifunga breki.

Kupanda ni hadithi nyingine. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua uzito. Kule Timboroa, ambako reli yenyewe inapita kwenye mita 2,740, gari la 1,500 cc limebaki na takriban robo tatu ya farasi walioandikwa kwenye karatasi zake. Lipakie watu watano na magunia mawili ya viazi vya Molo, utaelewa kwa nini dereva wa manyuali anarudi gia ya tatu mapema, mahali ambapo karibu na ziwa angebaki na ya nne. Kosa la manyuali hapa ni ubahili: kung'ang'ania gia ya tano kwenye 50 kwa kuogopa kelele, injini inagonga kama mtu anayetwanga karanga, gari linatetemeka. Kugonga huko kunaumiza injini zaidi kuliko resi za juu. Kwenye mpando mrefu iweke injini ndogo ya petroli kati ya 2,500 na 3,500.

Kosa la otomatiki ni lingine. Ukiiacha D, giaboksi ya gia nne itapanda ya nne, ione haiwezi, irudi ya tatu, ipate nguvu, ipande tena ya nne. Kila mruko unatafuna kidogo ndani na kuongeza joto la oili. Funga overdraivu kabla ya mpando kuanza, itatulia. CVT hairuki, bali hushikilia resi za juu kwa dakika nyingi huku oili yake ikipata moto. Ukisikia mvumo mpya wa kulia au ukahisi gari linapungua nguvu lenyewe, ondoa mguu, zima kiyoyozi, egesha mahali salama injini ikiwa inanguruma kwenye P kwa dakika 10 ili oili izunguke kwenye kipozeo. Kuzima papo hapo kunaacha joto ndani.

Kupita trekta la miwa kunastahili aya yake. Kati ya Awasi na Chemelil, au ukielekea Mumias, utakutana nayo yakivuta trela mbili, yanatambaa kwa kilomita 20 au 30 kwa saa. Dereva wa manyuali anajua: shuka gia ya pili au ya tatu ukiwa bado nyuma, kisha toka. Wa otomatiki hutoka kwanza, akajikuta upande wa pili wa barabara ndipo akanyage mpaka mwisho. Giaboksi inachukua kama sekunde nzima kutafakari kabla ya kushusha gia. Sekunde moja kwenye mwendo wa 40 ni mita 11, kwenye 80 ni mita 22, na mita hizo umezitumia ukiwa uso kwa uso na matatu inayotoka Kisumu. Vuta S au funga overdraivu ukiwa bado nyuma ya trela, subiri resi zipande, angalia mbele mara ya pili, ndipo utoke.

Kuondoka kwenye mpando, kama pale foleni inapokusimamisha juu ya Mamboleo ukielekea Kiboswa na lori limekupumulia nyuma, ni mtihani wa manyuali ambao watu huogopa bure. Handibreki juu. Gia ya kwanza. Resi 1,500 hadi 2,000, si zaidi. Achia klachi polepole mpaka usikie resi zinashuka kidogo na pua ya gari inainuka. Hapo mguu wa kushoto usimame kabisa, usiendelee kuachia. Shusha handibreki, ongeza mafuta, gari likishatembea mita moja malizia klachi. Msuguano wote usizidi sekunde mbili. Anayelishikilia gari kwenye mpando kwa kucheza na klachi na mafuta, bila handibreki, anaonekana fundi, lakini ile harufu kama ya kamba inayoungua ni pleti ya klachi yake. Wa otomatiki asicheke: naye akilishikilia gari kwa mafuta badala ya breki, anachemsha oili ndani ya torki konvata, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, na bili ya giaboksi inazidi ya klachi mara kadhaa. Otomatiki ndogo iliyojaa pia hurudi nyuma kwenye mpando mkali. Tumia handibreki vile vile.

Sasa mguu wa kushoto. Aliyezoea klachi akipanda otomatiki, atakuwa mzima siku nzima mpaka mtoto au bodaboda akatize mbele yake. Hapo mwili unarudi kwenye ya zamani: mguu wa kushoto unakanyaga klachi kwa nguvu zote, kumbe pale pana pedali pana ya breki. Gari linasimama kama limegonga ukuta na wa nyuma anaingia ndani yako. Dawa ni moja: kabla ya kuwasha, urudishe mguu wa kushoto nyuma kabisa, kisigino karibu na kiti au juu ya pale pa kupumzishia, na usiutoe hapo mpaka ufike. Baada ya wiki moja au mbili mguu unasahau.

Aliyezoea otomatiki akipanda manyuali hufanya kinyume: anafunga breki vizuri kabisa bila klachi, na injini inazima katikati ya mzunguko. Hiyo ni aibu tu, si hatari. Hatari yake ni kupumzisha mguu juu ya klachi safari nzima. Uzito wa kiatu peke yake unatosha kuifanya bearingi ya klachi izunguke chini ya mzigo muda wote, na pleti isibanwe sawasawa. Kilomita ambazo klachi ingeweza kwenda zinapungua.

Kuna pia ile tabia ya otomatiki kutambaa yenyewe ikiwa D au R bila kukanyagwa. Wageni huishtukia wakiegesha: gari linasogea, mtu anapapasa breki, anapata mafuta, ukuta unapokea. Wakati wa kuegesha mguu uwe juu ya breki muda wote, uachie kidogo kidogo, na kwenye tambarare usiguse mafuta kabisa. Asubuhi za baridi za Molo na Timboroa resi za kuwashia huwa 1,200 au zaidi. Ngoja zishuke chini ya 1,000 kabla ya kuingiza D, la sivyo gari linaruka na giaboksi inapigwa teke. Na usibadilishe kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma. Simama kabisa, hesabu moja, ndipo ubadilishe.

Kwenye foleni ya Kondele watu huuliza kama wakae D au N. Kusimama kwa nusu dakika, kaa D na mguu kwenye breki. Ikizidi dakika moja na zaidi, N na handibreki. Anayepeleka kijiti N na D kila gari la mbele linaposogea anadhani anaipumzisha. Kumbe kila kuingia D ni klachi za ndani kushikana upya. Wa manyuali afanye kinyume: nyutro, klachi juu, handibreki, kisha aache nafasi ya gari moja au mawili mbele ndipo asogee kwa gia ya kwanza, klachi imeachiwa yote.

Kuegesha kwenye mlima, kama ule wa Milimani ya Nakuru unaopanda kuelekea Menengai, kuna mfuatano ambao karibu kila mtu anaukosea. P ndani ya giaboksi ni kijino kimoja kidogo kinachoingia kwenye gurudumu la meno. Ukiweka P kisha ukaachia breki, tani nzima na ushei imeegemea kijino hicho, na asubuhi ukivuta kijiti kinatoka kwa mlio wa kuvunjika mfupa. Fanya hivi: mguu kwenye breki, weka N, vuta handibreki, achia breki ya mguu gari litulie juu ya handibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Kwa manyuali, handibreki kwanza, kisha gia ya kwanza ukiwa umeelekea juu na rivasi ukiwa umeelekea chini. Penye ukingo wa mawe, matairi yakatwe kuelekea ukingo ukiwa umeelekea chini, na kuelekea barabarani ukiwa umeelekea juu.

Tope la Bungoma na Trans Nzoia nalifupisha. Manyuali: ondoka na gia ya pili, si ya kwanza. Otomatiki: 2 au L, na kama matairi yanagoma kuzunguka kwa sababu ya kompyuta, zima kidhibiti cha utelezi. Kwa CVT kuna jambo la ziada. Tairi likizunguka bure topeni kisha likashika ghafla penye jiwe, mshtuko unarudi hadi kwenye mkanda wa chuma, nao unateleza na kukwaruza puli unazopitia ndani ya giaboksi. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayokuja kuwa mtetemo wa gari kati ya mwendo wa 20 na 40 miezi kadhaa baadaye, na mwenye gari hakumbuki tope. Vivyo hivyo kwenye matuta: achia mafuta kabla ya tairi la mbele kupanda tuta, ongeza baada ya la nyuma kushuka.

Ukitaka kujua klachi imebaki na nini, tafuta mpando mwepesi, gia ya nne, mwendo wa 50, kanyaga mafuta yote. Resi zikipanda bila mwendo kupanda nazo, pleti imekwisha. Ukiibadilisha, badilisha seti nzima, pleti, presha na bearingi, na umwambie fundi aangalie sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu kazi kubwa unayolipia ni kushusha giaboksi, na ikishuka mara ya pili kwa sababu ya sili ndogo utajuta. Gia zikiingia kwa shida ila zinakubali ukipampu pedali mara mbili tatu, hilo si tatizo la pleti. Angalia oili ya klachi, ambayo ni ile ile ya breki, na uvujaji kwenye silinda ya juu au ya chini.

Oili ya giaboksi ya manyuali kwa Toyota ndogo ni lita 2 hivi, ya 75W-90, daraja la GL-4. Usikubali GL-5 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Nyingi zina dawa inayokula shaba ya vibanio vya gia, na baada ya muda ya pili na ya tatu zitaanza kukwaruza. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wapo waliomwaga yote ndipo wakagundua ya juu imeshika kutu haifunguki, na gari liko juu ya mawe.

Otomatiki ndiyo inayoonewa zaidi na mafundi. CVT ya Toyota inataka oili ya CVT ya FE au TC kulingana na gari, ya Nissan NS-2 au NS-3, na ya gia nne inataka ATF yake, ile oili nyekundu. Oili nyekundu ya kawaida ndani ya CVT ni hukumu ya kifo. Gari likifika kutoka bandarini usiamini kilomita za dashibodi. Mwaga, pima kilichotoka kwenye chupa zenye alama, kwa kawaida lita 3 hadi 4, rudisha kiasi kile kile. Baada ya hapo kila kilomita 40,000 kwa barabara zetu za milima. Ya gia nne yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, kwenye P, baada ya kupitisha kijiti cha gia herufi zote. Ukiipima imezimwa itaonekana imejaa kumbe imepungua. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, usingoje kilomita 40,000.

Betri ikifa, manyuali inasukumwa: switchi ON, gia ya pili, klachi chini, vijana wasukume mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, achia klachi ghafla kisha ikanyage tena mara injini inaposhika. Otomatiki haisukumwi ikawaka, kwa sababu pampu ya oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini, na bila presha ya oili hakuna kinachounganisha magurudumu na injini. Kwa sababu hiyo hiyo haiburutwi kwa kamba kutoka Timboroa hadi Nakuru ikiwa N: magurudumu yanaizungusha giaboksi iliyo kavu. Ya kuvutwa kwa matairi ya mbele inyanyuliwe mbele, na ya magurudumu manne ipakiwe yote juu ya lori.